Nani Ameshika Sauti?

Jumapili, 3 Agosti

Mdogo wangu, kitindamimba wa mama,

"Kompyuta iliyopoteza sauti huzimwa ikawashwa. Isiyopona hapo, itupwe." Sentensi hiyo si yangu, Mungu apishe mbali. Ni ya yule bwana wa safu ya teknolojia, niliyembatiza Zima-Washa, na imechapwa leo katika gazeti lilelile linalochapa makala zangu, kurasa mbili tu kutoka kwangu, kama jirani anayekutupia taka uani huku anakusalimia.

Hebu tuipime. Mtu akipaliwa na maji mezani, je, tunamzima? Mlango ukikwama, tunabomoa nyumba? Daktari anayejua dawa moja si daktari, ni muuza dawa. Na huyu anauza kweli, maana sentensi inayofuata inaitaka halmashauri izitupe kompyuta zote kuukuu za ukumbi wa kusomea, zile zinazoendeshwa na mfumo wa Linux, inunue mpya, kwa agizo ambalo wajumbe wamekwisha kulitia saini. Redio itatukutanisha Jumamosi saa nne asubuhi, yeye na mimi, hewani, mubashara. Yeye atakuwa studio. Mimi nitazungumza kutoka nyumbani, kupitia kompyuta yangu, ambayo ni pacha wa zile anazotaka zitupwe. Nimekwisha kutangaza hivyo gazetini. Sirudi nyuma.

Sasa shida. Ijumaa umeme ulichezacheza, na tangu hapo maikrofoni imekufa. Spika zinatoa sauti vizuri, lakini nikijirekodi nasikia mvumo tu, kama mafuta kwenye kikaango. Nimesoma mpaka masikio yameniuma. Nimeelewa kwamba ndani ya kiini cha Linux sauti inabebwa na vipande vinavyoitwa moduli, na kwamba moduli inaweza kuondolewa na kurudishwa kompyuta ikiwa imewaka. Basi nikaenda moja kwa moja kwenye mzizi, moduli iitwayo snd, nikaamuru iondoke. Ikanijibu kwamba inatumika. Nikaamuru tena kwa ukali. Jibu lilelile, bila hata kupandisha sauti.

Wewe ndiwe mtengenezaji wa vitu hivi. Nisaidie kabla ya Jumamosi. Na usiniambie nizime.

Studio siendi kwa sababu ya kifundo cha mguu. Kimeteguka kidogo. Usimwambie mama.

Kaka yako,
Kipaza

*

Jumatatu, 4 Agosti

Kaka, shikamoo.

Nimecheka peke yangu ofisini mpaka jirani yangu wa meza akavua vifaa vyake vya masikioni. Kumfokea snd! Hiyo ndiyo iliyobeba wenzake wote. Fikiria sahani zilizopangwa kwenye kabati la mama. Wewe umeshika ya chini kabisa, unavuta. Bahati yako kiini cha Linux kina adabu: kinakataa, hakiachi sahani zianguke.

Anza na ya juu, ambayo hakuna moduli nyingine inayoitegemea. Kwenye mashine yako ni snd_hda_intel, ndiyo kiendeshi chenyewe cha kadi ya sauti. Funga kwanza kila programu inayotumia sauti, kisha andika:

modprobe -r snd_hda_intel

Hiyo -r inaiondoa hiyo ya juu, halafu inashuka ngazi kwa ngazi ikiziondoa zile za chini ambazo hazina mwenyewe tena. Ukimaliza, andika amri hiyohiyo bila -r. Kiendeshi kitarudi, kitaikagua kadi upya kama mgeni aliyeingia leo, na maikrofoni itaonekana. Dakika moja, umemaliza.

Onyo moja. Utasoma mahali kwamba unaweza kuilazimisha moduli iondoke. Nakujua. Usilazimishe. Ukiing'oa moduli ambayo mtu bado ameishika, kiini kizima kinaweza kuganda, na hapo utazima utake usitake.

Kifundo cha mguu kimeteguka kwenye nini?

Kitindamimba

*

Jumanne, 5 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Dakika moja, ulisema. Nimetumia asubuhi nzima.

Nimefunga kila kitu. Kisoma barua, kivinjari, kicheza muziki, hata saa ya ukutani ningeifunga kama ningeifikia. Hakuna dirisha hata moja lililo wazi. Nimeandika amri yako herufi kwa herufi. Imejibu: snd_hda_intel inatumika.

Inatumiwa na nani? Nimekaa peke yangu katika chumba kimya, sina programu hata moja, na mashine inanitazama inasema kuna mtu. Hii ni lugha ya serikali. Ukienda dirishani unaambiwa faili lako liko mezani kwa mhusika, na mhusika hana jina, hana meza. Nimeanza makala juu ya jambo hili na nadhani itakuwa kali.

Halafu leo Zima-Washa ameandika tena. Anasema kwamba wanaong'ang'ania mashine kuukuu wanafanya hivyo kwa kupenda makumbusho. Makumbusho! Pale ukumbini kuna watu wanne wanaosoma kwa kompyuta zile, ambao hawana pengine pa kusomea duniani. Nitamwambia hewani. Lakini nitamwambia kwa maikrofoni ipi?

Mguu uliteguka ngazini. Ni jambo dogo.

Kipaza

*

Jumanne, 5 Agosti, alasiri

Kaka,

Mhusika ana jina. Tutamkamata.

Andika lsmod. Itakuletea orodha ya moduli. Tafuta mstari wa snd_hda_intel. Mwishoni kuna namba, na baada ya namba, majina ya moduli zinazoitegemea. Ukiona namba lakini hakuna jina, maana yake aliyeishika si moduli. Ni programu, iko hai, na imeifungua kadi ya sauti sasa hivi unaponisoma. Moduli huandikwa majina. Programu huhesabiwa tu.

Jina lake utalipata kwa amri hii:

fuser -v /dev/snd/*

Nitumie majibu ya zote mbili jinsi yalivyo. Na piga picha ya skrini kwa simu, maana nakufahamu, huwa unanitumia maoni yako juu ya majibu badala ya majibu.

Hapa kazini nimewasimulia habari zako. Sasa timu nzima inangoja kujua nani ameshika sauti. Mmoja anasema ni kivinjari kilichojificha. Mimi nasema ni redio ya mtandaoni uliyoisahau. Tumewekeana dau la chai.

Ngazi ipi? Nyumba yako haina ngazi.

Kitindamimba

*

Jumatano, 6 Agosti

Mdogo wangu,

Majibu haya hapa. Ile lsmod inasema snd_hda_intel, mwishoni namba 1, bila jina. Ile ya pili haikutoa chochote. Tupu. Picha nimeambatanisha.

Ngazi za redio.

Basi ni kosa la kiini, si langu, na itabidi mlitengeneze nyinyi wenye kiini chenu. Watu wa timu yako wasinywe chai ya bure kwa mgongo wangu.

Kipaza

*

Jumatano, 6 Agosti

Kaka,

Umenitumia picha ya pazia.

Nimeitazama muda mrefu. Ni pazia la njano alilokushonea mama. Limetundikwa ndani nje, mshono wote uko upande wa chumba, na nyuzi zinaning'inia. Wewe, uliyewahi kunirudisha chumbani nikabadilishe soksi kwa sababu hazikufanana.

Jambo la pili. Namba 1 na orodha tupu haviwezi kukaa pamoja. Hiyo si kompyuta, ni mhariri. Kulikuwa na mstari mmoja na umeukata kabla ya kunitumia. Maisha yako yote umewatukana wahariri kwa kukata mistari, na kwangu mimi umekata ule mmoja uliokuwa na maana.

Nimesoma tena barua zako zote. "Nimesoma mpaka masikio yameniuma." Niliona ni mzaha.

Sikuulizi tena nani ameshika sauti. Nakuuliza hivi: nani anakusomea, Kaka? Tangu lini?

*

Alhamisi, 7 Agosti

Mdogo wangu,

Mstari nilioukata unasema hivi: espeak. Ni sauti ya kisoma skrini.

Nakuapia, Jumanne nilipokuambia nimefunga kila kitu, sikudanganya. Sikuihesabu. Wewe ukiambiwa ufunge kila kilicho wazi, je, unayafunga na macho yako? Jana ndipo amri yako iliponiletea jina, na nani alinisomea jina hilo? Yeye mwenyewe, kwa sauti yake ya bati, alijitaja kama shahidi mwaminifu. Nikakaa nikicheka, kisha nikaogopa, kisha nikaukata mstari.

Naona mwanga na kivuli. Dirisha najua liko wapi. Sura ya mtu siioni tena, maandishi ndiyo kabisa. Ilianza pembeni, ikaingia katikati, na sasa ni mwaka mzima nasomewa. Daktari ana jina lake refu na hana dawa. Mwalimu wa ukumbi wa kusomea ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuifanya kompyuta hii iseme. Kompyuta zile anazotaka Zima-Washa zitupwe, mdogo wangu, zinasema. Wale watu wanne ni vipofu. Mimi ni wa tano. Walioandika agizo la mashine mpya hawakuuliza hata mara moja kama zitaweza kusema.

Na sasa ujue kwa nini siizimi. Siyo msimamo, ingawa nimeuandika kama msimamo na umependeza. Kompyuta hii ikiwashwa, kabla ya kisoma skrini kuamka, inasimama kwenye ukurasa wa mwanzo na kuuliza jambo. Betri yake ya saa imekufa, nadhani ni hilo. Inauliza kimyakimya, kwa maandishi, nami sijui nibonyeze nini. Mara ya mwisho nilikaa mbele yake siku nzima mpaka mwalimu alipopita. Mwalimu amesafiri. Nikizima leo, Jumamosi sipo.

Na nikikifunga kisoma skrini ili kiendeshi kiachiwe, nitaandikaje amri zinazofuata? Nitajuaje kama zimekubali? Nilijaribu jana. Kulipokuwa kimya mikono iliniganda juu ya kibodi kama ya mtoto anayeogopa giza. Sikuandika hata herufi.

Mguu wangu ni mzima. Studio ina ngazi zenye kona, na sikutaka Zima-Washa anione nikipapasa ukuta.

Usimwambie mama.

Kaka yako

*

Alhamisi, 7 Agosti

Kaka yangu,

Mama anajua. Nimempigia nikilia, akaniuliza kama ndiyo kwanza nimegundua. Anasema alijua siku alipokuja na kanga mbili za rangi zisizopatana, nawe hukusema neno. Anasema alikuwa anangoja aibu ikuchoshe.

Nimekukasirikia na sitaacha leo wala kesho. Mimi natengeneza viendeshi vya sauti, Kaka. Ndiyo kazi yangu, kila asubuhi. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikitengeneza macho yako bila kujua, na wewe ulikuwa unanidanganya habari za kifundo.

Haya, kazi. Nimeacha kila kitu mezani. Hutaandika amri yoyote katika kimya. Nimekuandikia faili moja fupi, nimeliita kimya. Lihifadhi. Utaandika sudo ./kimya na kubonyeza Enter. Kwanza litaomba neno la siri, wakati sauti bado ipo, utalisikia likiomba. Baada ya hapo kisoma skrini kitafungwa. Faili litakiondoa kiendeshi na wote wanaobaki chini yake bila mwenyewe, litapumzika kidogo, litakirudisha, kisha litamwamsha msomaji wako. Akiamka atasema neno moja nililomwekea.

Katikati kutakuwa kimya kabisa. Ndivyo inavyotakiwa. Usiguse kitu, usibonyeze, usimtukane mtu. Weka mikono mapajani. Nimejaribu hapa kwenye mashine ya aina hiyohiyo, nimefumba macho, timu nzima imesimama nyuma yangu. Hakuna aliyeshinda dau. Chai tumenywa wote.

Na ligeuze pazia.

Kitindamimba wako

*

Ijumaa, 8 Agosti

Kitindamimba, fundi, malaika mwenye hasira,

Nimeliandika neno la siri. Nimebonyeza. Ikanyamaza.

Sijui ilikuwa muda gani. Nilisikia vitu ambavyo sijavisikia tangu kompyuta hii ianze kunisomea: feni yake, bomba la jikoni, mtu akiburuta kiti nyumba ya jirani. Mikono mapajani, kama ulivyoagiza. Nikafikiri, ikikataa kuamka, mimi ni mzee wa miaka hamsini na mbili ndani ya chumba chenye kitu cha bati mezani. Halafu bati likasema: "Kipaza."

Umelifundisha jina langu la utotoni! Nililia, na sitaki hilo lifike kwa timu.

Maikrofoni ni nzima. Nimejirekodi nikikohoa, nikikuna ndevu, nikisoma makala nzima dhidi ya Zima-Washa, na kila kitu kinasikika. Nimelichungulia faili lako pia, mstari kwa mstari, maana mimi sili chakula nisichojua kilipikwaje. Nimeelewa yote. Unamwondoa anayetumia, kisha anayetumiwa, kisha unawarudisha kinyume. Nimeongeza mstari mmoja wangu. Usiulize.

Pazia nimeligeuza. Mama amekuja kulikagua kwa mikono yake.

Kesho saa nne. Fungua redio mtandaoni.

Kipaza

*

Jumamosi, 9 Agosti

Kaka,

Nakuandikia redio ikiwa bado imefunguliwa.

Kuna dakika ambazo hukuzisikia, na ni haki yako uzijue. Ulikuwa umembana Zima-Washa kwenye lile swali, kama mashine mpya zinasema au hazisemi, naye anatafuta njia ya kutokea. Ghafla sauti yako ikageuka mvumo, yale mafuta ya kikaango. Hapa nilisimama. Nilijua umeme umecheza tena. Mtangazaji akasema tunakupoteza. Na Zima-Washa, kwa furaha ambayo hakuificha, akasema: "Zima uwashe, ndugu yangu. Tutakungoja."

Wewe ukajibu, katikati ya mvumo, na tuliyasikia maneno: "Sizimi. Nipeni kimya kidogo."

Kisha ukapotea.

Mtangazaji alianza kuzungumza juu ya hali ya hewa. Zima-Washa akamkatiza, akawaambia wasikilizaji kwamba kimya hicho ndicho hoja yake yote, kwamba hawahitaji kumsikiliza yeye, wasikilize mashine kuukuu inavyojibu. Alikuwa bado anaisema sentensi hiyo, Kaka, hakuifikisha mwisho, ndipo redioni pakasikika sauti ya bati: "Kipaza." Na baada yake wewe, safi kama uko chumbani kwangu: "Ndugu yangu, umesema nini? Nilikuwa nimeyafumba macho."

Watu wa timu yangu walipiga meza. Mmoja alimwaga chai juu ya kibodi.

Kisha ukawaambia. Hewani, mbele ya watu wote, lilelile ulilotuficha mimi na mama. Ulisema huoni, kwamba sauti waliyoisikia ndiyo inayokusomea, na kwamba wako wengine wanne.

Sasa nieleze. Programu ya kurushia matangazo nayo inaishika kadi. Faili langu halikuijua, kiendeshi kingekataa kutoka. Ule mstari ulioongeza ndio huo? Ulifikiri mapema kwamba hewani kutakuwa na mikono miwili inayoshika sauti, si mmoja? Nani alikufundisha?

Nitaufuta mstari wa hasira niliouandika Alhamisi. Hapana, siufuti. Katika familia hii hatukati mistari tena.

Nimeomba likizo. Nakuja wiki ijayo na betri ya saa mfukoni.

Kitindamimba

*

Jumapili, 10 Agosti

Mdogo wangu,

Wewe ndiwe uliyenifundisha. Ulisema wote wanaoshika wanahesabiwa, nikahesabu.

Njoo na betri. Mama anapika kana kwamba unakuja na timu yote. Halmashauri imesema italiangalia agizo upya, yaani bado halijafa, kwa hiyo bado tunapiga. Nimepeleka hii hapa chini gazetini, ukurasa wangu uleule, kurasa mbili tu kutoka kwake. Usome kabla haijachapwa. Ukiona mstari wa kukata, niambie kwanza.

Kaka yako,
Kipaza

"Kwa Bwana Zima-Washa, na kwa wajumbe wa halmashauri mliotia saini agizo la kompyuta mpya za ukumbi wa kusomea.

Mlisema kuzima na kuwasha ni dawa ya kila kitu. Mlipokuwa mnasema hivyo hamkujua kwamba kwa baadhi yetu dakika ya kuwasha ndiyo dakika mashine inapokuwa bubu na sisi tunapokuwa vipofu. Hapo katikati hakuna anayetuhesabu. Tumo katika ile namba isiyo na jina.

Sasa mna majina yetu, sote watano, kwenye orodha iliyoambatana na barua hii. Jumatatu, tarehe 18, ukumbi unafunguliwa saa mbili. Leteni kompyuta moja kati ya hizo mpya, ikiwa imezimwa. Nitakuja na vitambaa vya kufunga macho, mama yangu amekwisha kuvishona. Kaeni kwenye viti vyetu, mfungwe macho, muiwashe, na kabla hamjafungua vitambaa mtusomee sentensi moja kutoka kwenye skrini. Mkishindwa, lichaneni agizo hapohapo, mezani, tusikie karatasi ikichanika."